Mtani Alipolala Mlangoni kwa Ajili ya Mbwa

Nimestaafu. Anayetaka kucheka kwa kuwa sina hata mvi acheke sasa, amalize, ndipo asome. Mtu anastaafu kazi, hastaafu umri. Nina mapacha wachanga, nina Zawadi wangu anayeingia darasa la tatu, na ofisi imehamia Kigamboni wakati mie naishi Bunju. Anayeijua Dar ameshaelewa. Asiyeijua aelewe hivi tu: mapacha hawanyonyi kwa simu.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki. Siku ya kuniaga mliniomba niwaachie neno nikakataa, mkadhani nimezidiwa na machozi. Sikuzidiwa na machozi, nilikuwa na hasira. Nyie, watumishi wa shirika la kutetea wanyama, mliniletea zawadi ya mbuzi hai, miguu minne imefungwa kwa waya, kwenye buti la gari, juani! Halafu mnapiga makofi. Mbuzi ananitazama, mie nawatazama nyie, nikasema hawa watu nikiondoka bila kuwaandikia kitu, kazi yote imekwenda na maji.

Nilipanda cheo lini, nililipwaje, hayo mtaulizana wenyewe kwenye korido. Mie naanzia kwenye meno ya mbwa.

Nilikuwa nauza maandazi asubuhi pale Bunju, cheti cha kidato cha nne kikiwa kwenye begi chini ya kitanda. Jirani yetu Mzee Pazi alikuwa mjane, watoto wote wameolewa na kuoa mbali, nyumbani amebaki na mbwa. Jina la mbwa ni Mtajiju, yaani mtajijua wenyewe. Alimpa jina hilo baada ya kugombana na majirani kuhusu mpaka wa kiwanja, ili kila jioni asimame uani apaze sauti, "Mtajiju! Mtajiju nyie!" na sie tusiwe na pa kumshtaki, maana mzee anaita mbwa wake.

Mtajiju alifungwa mnyororo kwenye mwarobaini usiku na mchana. Mbwa wa kufungwa hivyo anakuwa kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya benki tangu juzi, anamtafuta wa kumng'ata. Siku mnyororo ulipokatika wa kwanza kumuona alikuwa Zawadi, wakati huo hata chekechea hajaanza. Akamshika kigimbi. Nilimtoa mwanangu kwa mkono mmoja na mwiko wa maandazi kwa mkono mwingine. (Andikeni hili: jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, mpaka mwoshaji achoke. Halafu hospitali, siku hiyohiyo. Msipake mafuta ya taa, wala kahawa, wala kile kitu shangazi yenu atakachokileta.)

Mtoto alichomwa sindano zake zote, mbwa akaangaliwa siku zinazotakiwa, hakuwa na kichaa. Mie ndio nilibaki na kichaa. Nilikwenda serikali ya mtaa kuuliza ni sheria gani inamlazimisha mwenye mbwa kumchanja. Wakasema mbwa ni wa mifugo. Mifugo wakasema mtu akishang'atwa ni wa afya. Afya wakasema mbwa ni wa mwenye mbwa. Mie ni Mpare, jamani, kesi kwetu ni burudani, lakini hata kesi inahitaji mahali pa kuanzia.

Walichonisaidia ni kuleta bunduki. Saa ya watoto kucheza rede, gari likaingia mtaani, akashuka kijana na silaha yake, bila tangazo, bila kuuliza yupi ni yupi. Mzee Pazi alitoka na msuli, akaomba, "Mwanangu, huyo ndiye mtu wangu pekee humu ndani." Kijana hakumsikia, akalenga. Mtajiju akaruka ua wa michongoma, risasi ikatoboa simtanki la mama mwenye nyumba wangu. Mnadhani watu walikimbia? Walikimbia kuchukua ndoo. Mtaa mzima ulikinga maji siku ile, mama mwenye nyumba analia, watu wanamwambia pole huku wanabadilisha ndoo.

Nilimfuata yule kijana. Nikamwambia, hapa palikuwa na watoto, mwanangu mmojawao, mguu haujapona. Ni sheria gani inakuruhusu ufyatue risasi katikati ya watoto?

Akapigapiga kitako cha bunduki. "Sista, sheria ndiyo hii."

Basi. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa kumjibu huyo kijana.

Nikaambiwa kuna shirika dogo la wanyama Sinza. Hamkuikuta ile ofisi ya kwanza: chumba na sebule nyuma ya gesti, unapita getini pa gesti, unasalimiana na mhudumu wa gesti, ndio unafika. Rafiki wa mama mkwe wangu aliniona naingia. Habari ilifika Bunju kabla yangu.

Ndani nilimkuta mama mtu mzima amekaa kwenye kigoda anasokota kamba. Ndiye Mama Komba. Alikuwa bibi mifugo serikalini huko Songea mpaka akastaafu, akaja kukaa na mwanawe Dar, akachoka kutazama tamthilia. Sikumwachia nafasi, nilianza kufoka mlangoni: mbwa, mnyororo, bunduki, simtanki. Alisokota mpaka kamba ikaisha.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado."

"Kunywa maji kwanza. Halafu rudia, kuanzia pale pa bunduki, pamenoga."

Nikarudia. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga, kisha akaacha kucheka ghafla. "Hapa tuna wasomi wanaoandika vizuri sana. Barua zao zinapokelewa, zinagongwa muhuri, zinalala. Hatuna mtu wa kufoka. Jumatatu unaweza?"

Ndio usaili wangu huo. Shikamoo nilimpa wakati wa kutoka, kwa aibu.

Siku ya kwanza alinikabidhi vifaa: kamba ya pamba, maana ya nailoni inachana ngozi, kipande cha kanga cha kumfunga mbwa mdomo wakati wa sindano, kipaza sauti cha kubeba begani, na dagaa wakavu. Akanifundisha kwamba mbwa hatazamwi machoni, hafuatwi kwa mbele, na usimsalimie kabla hujamsalimia mwenye mbwa, la sivyo wote wawili watakubwekea. Kuhusu dagaa aliniambia niweke kidogo. Mie nikajaza mifuko yote miwili. Bodaboda aliyenibeba alisimama njiani akageuka. "Sista, samahani, umebeba soko zima la samaki la feri?"

Tulikuwa na kikao na mtendaji wa kata, kumweleza hatari ya mbwa wazururao. Niliingia ofisini kwake na mbwa wote wazururao wa kata hiyo nyuma yangu, wametulia, wamepanga foleni kuliko wananchi. Mtendaji alipanda mezani na faili lake. Akiwa huko juu alisema ameelewa hoja yetu, tuendelee. Wengi wenu mmesikia hadithi hii ikisimuliwa kwamba ilikuwa mbinu. Haikuwa mbinu.

Mzee Pazi tulimwendea pamoja. Mie sikutaka. Mama Komba hakumhubiria, aliomba waya wa kuanikia nguo, akaufunga kutoka kwenye mwarobaini mpaka kwenye nguzo ya choo, akapitisha pete, akafunga kamba ya Mtajiju kwenye ile pete. Mbwa akawa anaweza kutembea ua mzima bila kutoka. Siku ya kwanza alitembea tu, huku na kule, huku na kule, kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. Wiki haijaisha akaacha kubweka ovyo. Mzee Pazi akasema, "Kumbe alikuwa hana wazimu, alikuwa hana nafasi." Zawadi hakuaminishwa na pete. Aliendelea kupita upande wa pili wa njia, na mie nilimwacha, mguu ni wake.

Sasa punda. Kesi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa Kimbiji, huko Kigamboni mwisho, ambako barabara ina mchanga unaomeza kiatu. Kijana mmoja, Omari, alikuwa anauza maji kwa mkokoteni wa punda. Nira ya ng'ombe juu ya shingo ya punda, chini yake kidonda kama sahani ya chai. Nikaanza kufoka, ndio kazi yangu. Omari akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, punda haendi bila kigongo."

Ngoja niseme kuhusu methali hii. Katika kila kikao, kila kata, anasimama mtu mmoja, anakohoa, anatangaza kwamba punda haendi bila kigongo, kana kwamba kaitunga yeye njiani anakuja. Anakaa. Anasimama wa pili kumwongezea kwamba asante ya punda ni mateke. Makofi. Nimezisikia mara nyingi mpaka nikaamini kwamba hizo ndizo sheria pekee za wanyama ambazo wananchi wote wamezipitisha bila kupingwa.

Mama Komba alimwuliza Omari kama kuna godoro bovu. Mkewe akalileta haraka. "Chukueni, mama. Huyo punda anaitwa 'mwenzangu', mie naitwa 'wewe'." Tukashona mkanda wa kifua kwa turubai, ndani sponji ya godoro, punda akawa anavuta kwa kifua na mabega badala ya shingo. Kidonda tukakisafisha. Omari akashukuru kwa dhati, akatupa na nazi.

Tuliporudi baadaye kidonda kimefunga, ngozi nzuri, mie nimeshaanza kutabasamu. Halafu nikatazama mkokoteni. Omari ameongeza pipa.

"Omari! Hili nalo?"

"Dada, si mmemtengeneza? Siku hizi hachoki."

Tulirudi mpaka feri. Ndipo Mama Komba akasema maneno ambayo yangepaswa kuandikwa ukutani mwa ofisi badala ya ile picha ya paka: "Huruma bila sheria, mwanangu, ni kuongezewa pipa."

Mtasema sheria ipo. Ndiyo, sheria ya nchi ya ustawi wa wanyama ipo, nimeisoma yote, kamusi pembeni. Lakini kule mtaani nani anaijua? Tulitaka sheria ndogo ya halmashauri, ya lugha ambayo Omari na Mzee Pazi wanaielewa: mzigo wa punda uwe na mwisho, apumzike, apate kivuli na maji. Kuku asibebwe kichwa chini. Mbwa achanjwe na avishwe utepe mwekundu shingoni, asifungwe mnyororo kutwa. Mwenye mbwa awajibike. Na mbwa mwenye utepe asipigwe risasi, na risasi isifyatuliwe mtaani kabisa. Kifungu cha mwisho nilikiandika mie mwenyewe, kwa kalamu iliyotoboa karatasi.

Rasimu inahitaji diwani wa kuipeleka barazani. Tulizunguka. Mmoja alisema wapiga kura wake ni watu. Mwingine alituambia turudi baada ya uchaguzi, na ulikuwa umepita juzi. Aliyetukubalia ni Mheshimiwa Kihwele, mwalimu mstaafu, mpole, mbwa wake wawili wamechanjwa na kadi anazo. Tulishangilia mpaka nje. Kwa furaha ile hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba Mheshimiwa Kihwele ni Mhehe.

Kwa mgeni asiyejua mambo yetu: Wahehe wa Iringa wanataniwa nchi nzima kwamba wanakula mbwa. Na watani wao wakubwa ni Wangoni, ambao nao wanataniwa kwamba wanakula panya, waliopigana nao enzi za mababu, wakapatana, na tangu hapo wana ruhusa ya kuambiana lolote bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia mchana kweupe. Anaweza kulala ndani ya kaburi lako watu wanalia, akakataa kutoka mpaka apewe chochote.

Siku ya baraza tulikaa viti vya wananchi, nyuma. Mheshimiwa Kihwele alisimama, akavaa miwani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha rasimu ya sheria ndogo ya kuwalinda mbwa..."

Na kabla hajafika kwenye punda, sauti ikatoka nyuma, kali, tamu, ya kilio cha msibani: "Linda mboga, Mheshimiwa! Linda mboga!"

Ukumbi ukapasuka. Madiwani wanapiga meza, mwandishi wa vikao kalamu imemdondoka, Mwenyekiti anagonga nyundo huku amejificha nyuma ya bendera ndogo ya mezani. Mheshimiwa Kihwele alisimama akasubiri, kama mwalimu anavyosubiri darasa. Halikutulia. Kila alipotamka neno "mbwa" lilianza upya. Mwisho Mwenyekiti akaahirisha hoja mpaka kikao kijacho, na kwa kuwa mbwa walikuwa bado mezani, afisa mmoja akachomekea taarifa: baada ya kikao hicho, sheria isipopita, kutakuwa na operesheni ya kuua mbwa mitaa yote. Bunju imo.

Niligeuka kumtafuta yule mpumbavu aliyepiga kelele. Alikuwa amekaa kushoto kwangu, ameziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka.

"Mama Komba!"

"Mwanangu, mie Mngoni." Akashusha kanga. "Nilipomuona Mhehe amesimama, mdomo ulinitangulia."

Kazi yetu yote, vikao, dagaa, nazi za Omari, imezamishwa na mwalimu wangu mwenyewe kwa sekunde moja ya utani! Nilimwambia maneno pale kibarazani ambayo mtu hamwambii mama wa umri wake. Nikamwambia bunduki ikirudi Bunju watoto wakiwa nje, aje yeye asimame pale na azuie kwa utani. Kesho yake sikumwamkia. Kesho kutwa pia. Mtu wa kwetu anajua uzito wa hilo: sikumwamkia.

Siku iliyofuata aliniita kwa kipaza sauti, humo humo ofisini, tumeachana hatua chache. "Mama Zawadi, unakasirika vizuri, lakini haisaidii. Mtani akiharibu anatozwa. Twende nikatozwe."

Tulikwenda kwa Mheshimiwa na jogoo wa faini. Jogoo alikaa kwenye kapu, kichwa juu, anatazama barabara kama abiria aliyelipa, kwa sababu sie hatubebi kuku kichwa chini. Bodaboda alituambia katika maisha yake hajawahi kuombwa apunguze mwendo kwa ajili ya mchuzi.

Mheshimiwa Kihwele alitupokea sebuleni kwake. Nilitegemea uso wa msiba. Akamtazama Mama Komba, akatazama kapu.

"Umeleta jogoo? Nilidhani Wangoni mnaleta panya."

"Panya tumewamaliza, mtani. Tumebaki na njaa na aibu."

"Umeniua hadharani."

"Nimekuua."

"Basi utanizika. Si ndio kazi ya mtani? Akishacheka msibani anachimba kaburi na kubeba jeneza." Akavua miwani, na hapo utani ukamtoka usoni. "Dada yangu, mie nimefundisha miaka mingi. Mwanafunzi wangu mmoja alikufa kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa anaogopa kikombe cha maji. Sitaki kuona tena. Kikao kijacho uje, ukae karibu na mlango, na ukilala usiamke mpaka nimalize."

Mie sikuelewa. Mama Komba alielewa palepale, akapiga vigelegele, mbwa wawili wa Mheshimiwa wakaja kuangalia.

Kikao kilichofuata niliingia ukumbini na tumbo linalotangulia, mapacha tayari wamo. Rasimu yetu ilipangwa mwisho, kabla ya chai. Mheshimiwa Kihwele akasimama. Minong'ono ikaanza, mtu mmoja akabweka kidogo. Yeye akaitikia kwa kichwa.

"Waheshimiwa, ni kweli. Nimekuja kulinda mboga." Kicheko. "Sasa niulize wafugaji waliomo humu. Nani kati yenu anaacha mboga yake izurure, ikonde, iugue kichaa, halafu aipige risasi mbele ya watoto na kuitupa jalalani? Hakuna. Kwa hiyo katika halmashauri hii nzima, mtu mwenye akili kuhusu mbwa ni Mhehe peke yake."

Walicheka, lakini mara hii walikuwa wanacheka upande wake, na kicheko kilipoanza kushuka akakidaka. Akawasimulia yule mwanafunzi na kikombe cha maji. Halafu akasema kikao kilichopita walimcheka wote, na kwa mila za nchi hii anayekucheka hivyo ni mtani wako, na mtani hanywi chai mpaka abebe jeneza. "Jeneza lenyewe jepesi. Kuinua mkono tu."

Mwenyekiti akasema labda waende chai kwanza, hoja ipigiwe kura baadaye. Wote tunajua "baadaye" ya halmashauri ni nchi ya wapi. Madiwani wakasimama, wakageukia mlango.

Mlangoni amelala Mama Komba. Ametandika mkeka, amejifunika kanga mpaka kidevuni, mikono kifuani, maiti kabisa. Mlango ulikuwa mmoja.

"Mama, amka," akasema diwani wa mbele.

"Siamki. Msiba haujaisha."

Mwenyekiti akamwita askari mgambo amtoe. Mgambo akaja, akamtazama, akarudi nyuma. "Mheshimiwa, huyu Mngoni. Mie kwetu Iringa. Huyu ni mtani wangu, nikimburuta nitajibu nini kwa wazee?"

Mwenyekiti akamgeukia mwanasheria. "Kanuni zinasemaje?"

Mwanasheria akapekuapekua. "Kanuni zinakataza fujo, Mheshimiwa. Huyu amelala."

Ndipo mama mmoja, diwani wa viti maalumu, mtu mzima, akapaza sauti, "Jamani mie nina sukari, nahitaji kula kwa wakati. Inueni hiyo mikono tukazike!" Akainua wake. Wa pembeni akainua. Ikaenea kama watu wanavyoitikia dua. Kuku wa kubebwa kichwa chini waliondolewa kwenye rasimu dakika ya mwisho, maana sikukuu ilikuwa karibu na Waheshimiwa wenyewe walikuwa na kuku wa kubeba. Lakini punda alipita, na mbwa alipita, na kile kifungu changu cha risasi kilipita kama nilivyokiandika. Wakaazimia pia kwamba wakati sheria inasubiri saini ya Waziri, mtaa uliochanja mbwa wake usiguswe. Mama Komba akaamka, akakunja mkeka, akawa wa kwanza kwenye chai.

Tulichanja Bunju mpaka dagaa wakaisha. Watoto ndio waliofunga tepe nyekundu, na nyie mnawajua watoto.

Halafu asubuhi moja gari likaja. Lilelile. Azimio lilikuwa bado linatembea kutoka ofisi hadi ofisi, na bunduki haikungoja. Ilikuwa likizo, watoto wamejaa njiani, Zawadi katikati yao, mie nimefikia ule mwezi ambao hata kuinama kuvaa ndala ni mradi. Mzee Pazi alikuwa ameshika kamba ya Mtajiju kwa mikono miwili. Nilitembea mpaka mbele ya gari nikasimama na tumbo langu. Akashuka mtu mwingine, mkubwa kuliko yule wa zamani, bunduki mkononi.

"Shikamoo," nikamwambia. Nimeoga hasira lakini nimelelewa.

"Marahaba. Mama, tupishe, tuna kazi."

"Baraza limepiga kura. Mbwa aliyechanjwa haguswi."

"Sheria imeanza?"

"Iko kwa Waziri."

"Basi haijaanza."

"Basi mpigie bosi wako umuulize kama na hiyo kazi yenu imeanza."

Watoto wakacheka, yeye hakucheka, lakini alitoa simu. Wakati inaita akawa anatazama mtaa. "Waliochanjwa ni wepi?"

"Wenye utepe mwekundu."

Akatazama mbwa wa Mzee Pazi: utepe. Mbwa wa dukani: utepe. Mbuzi watatu ukutani: utepe. Pikipiki ya jirani yetu Hamisi: utepe. Bata akapita mbele ya buti zake, utepe shingoni, vifaranga nyuma.

"Hata bata?"

"Ndugu yangu, mtaa huu hatutaki kubahatisha."

Simu ikapokelewa. Akasikiliza, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, akakata. "Wangeniambia mapema nisingechoma mafuta," akasema, akaomba maji ya kunywa. Zawadi ndiye aliyemletea. Alipita upande uleule aliokuwa amesimama Mtajiju, akashika kikombe kwa mikono miwili asimwage, hakumtazama mbwa wala bunduki.

Yule bwana akanywa, akarudisha kikombe, akapanda gari. Bunduki ikaondoka Bunju na risasi zake zote.